Chungua Kosa Kabla ya Kulitupa

Kila afikaye Lubumbashi huona bomba refu la moshi, na kando yake kilima cheusi. Kilima hicho hakikuumbwa pamoja na nchi. Kilitoka katika tanuru. Tanuru la shaba liliwashwa hapo mwaka 1911, na kwa miaka mingi mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa yalimwagwa mahali pamoja kama takataka. Baadaye wataalamu wakayapima, wakaona yana kobalti na zinki ndani yake. Ndipo kilima kikaanza kuchimbwa, na kilichotupwa kikawa mali.

Kazi iliyoharibika nayo ina mali ndani yake, yaani mafundisho. Lakini sisi huitupa upesi, tukamgombeza mtu.

Tuseme seremala mmoja wa Katuba ana vijana watatu anaowafundisha kazi. Milango mingine inapinda. Yeye hukasirika, akakata mshahara wa kijana. Na juma lifuatalo mlango mwingine hupinda. Afadhali achukue daftari, aandike habari za kila mlango, mzuri na mbovu: nani aliutengeneza, siku gani, kwa mbao zipi. Baada ya miezi michache huenda akaona kwamba milango yote iliyopinda ni ya mbao mbichi, zilizonunuliwa wakati wa mvua. Basi kijana aliadhibiwa bure, na kumwadhibu asiye na hatia ni dhuluma.

Sasa afuate hatua nne: apange badiliko moja, alijaribu katika milango michache, apime matokeo, kisha likifaa alifanye kuwa desturi ya karakana. Lisipofaa, aanze tena. Mafundisho ya namna hii Mmarekani W. Edwards Deming aliwapa wakubwa wa viwanda vya Japani mwaka 1950, nchi yao ilipokuwa ikijijenga upya baada ya vita.

Mtunza shamba wa Injili hakukubali mtini usiozaa ukatwe mara moja. Aliomba kwanza kuchimba pembeni mwa shina na kutia samadi. Enyi wakubwa wa kazi, chimbeni kwanza kwenye shina. Nanyi vijana, msifiche kazi iliyoharibika mikononi mwenu. Ileteni mezani, ichunguzwe. Ufa usioonyeshwa hauzibwi, na mwisho wake ni ukuta kuanguka.