Mpanda Baiskeli na Baridi ya Mteremko

Katika miezi ya kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, ukungu wa alfajiri hulala juu ya mashamba ya chai ya Dindira, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, na huchelewa kuondoka. Saa hizo ndizo vijana wanapoteremka na baiskeli zao. Wengine wanakwenda shule. Wengine wamefunga nyuma matenga ya mboga au mikungu ya ndizi. Kijana aliyevaa shati la pamba na sweta juu yake hufika chini meno yakigongana na vidole vimekufa ganzi. Jirani yake aliyeshuka kwa miguu, katika nguo za namna hiyo hiyo na asubuhi hiyo hiyo, hufika amechangamka, pengine na jasho jepesi kwenye paji la uso. Hewa ni moja na nguo ni za aina moja. Kwa nini basi mmoja atetemeke na mwingine asitetemeke?

Hilo ni swali la fizikia, nalo hupita mbele ya mlango wa darasa kila asubuhi. Inasikitisha kwamba aghalabu huachwa lipite. Wanafunzi hufundishwa upitishaji, myuko na mnururisho wa joto kwa mifano ya birika na chupa ya chai, wakafaulu mtihani, kisha wakapanda baiskeli wakiwa wamevaa kama kwamba hawakusoma neno. Linalosikitisha zaidi ni kwamba kanuni za mavazi za baadhi ya shule huwazuia hata wale walioelewa.

Jambo la kwanza ni mwinuko. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mji wa Korogwe uko kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400. Kwa hesabu hiyo tofauti ya joto kati ya miji hiyo miwili ni nyuzi 7 hivi. Wasambaa hawakuhitaji kipimajoto kulijua hilo: tangu zamani wameitofautisha nchi yao ya mlimani, Shambaai, na nyika iliyo chini. Lakini mwinuko peke yake haujibu swali, kwa kuwa vijana wote wawili wametoka mlima mmoja.

Jibu limo katika upepo. Mwili wa binadamu hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopata uvuguvugu. Hewa iliyotulia ni kihami bora sana cha joto. Kwa kweli kazi kubwa ya nguo ni kuizuia hewa hiyo isitembee. Mtu anayetembea hujitengenezea upepo wa kilomita 5 kwa saa. Mwenye baiskeli katika mteremko hujitengenezea upepo wa kilomita 30 au zaidi, hata kama hakuna jani linalotikisika kando ya njia. Tabaka lile la uvuguvugu hupeperushwa kila linapojijenga, na mwili hulazimika kulipasha upya bila kikomo.

Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo hili katika bara la Antaktika kwa kutazama jinsi maji yalivyoganda haraka zaidi penye upepo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945. Kanuni iliyorekebishwa na kuanza kutumiwa Kanada na Marekani mwaka 2001 huonyesha kwamba hewa ya nyuzi 10, inapompiga mtu usoni kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, huhisiwa kama hewa ya nyuzi 7 hivi. Yafaa msomaji asikosee hapa: upepo haukishushi kipimajoto hata kidogo. Unachofanya ni kuharakisha joto kuutoka mwili. Tena hesabu hiyo ni ya ngozi iliyo kavu, na mpanda baiskeli wa milimani mara nyingi si mkavu.

Hapa ndipo jasho linapoingia. Katika kupanda mlima, misuli hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati inayotumia kuwa kazi. Robo tatu zilizobaki huwa joto. Mtu anayefanya kazi ya wati 100 katika kusukuma au kukanyaga baiskeli huzalisha joto la wati 300 hivi, ndiyo maana hulowa jasho hata katika ukungu. Akifika kileleni na kuanza kuteremka, misuli hupumzika na tanuru huzimika, lakini shati limebaki na maji. Kila gramu ya jasho inayokauka huchukua kiasi cha juli 2,400. Nusu lita ikikauka katika muda wa saa moja huondoa joto kwa kadiri ya wati 330, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka mwilini. Kwa maneno mengine, mteremko hudai kwa ukali kile ambacho mpando ulikitoa kwa ukarimu. Pia maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Nguo iliyolowa imepoteza ile hewa iliyokuwa kinga yake.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa nguo uanze na nyuzi zake. Pamba, zao linaloheshimika la Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ni rafiki wa mtu katika joto la Tanga mjini, kwa sababu hunywa jasho na kulikausha taratibu. Tabia hiyo hiyo huifanya kuwa rafiki mbaya katika mteremko wa baridi. Sufu huweza kubeba mvuke wa maji unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla ya kuhisiwa kuwa imelowa, na nyuzi zake zilizojikunja huendelea kushika hewa. Poliesta hunyonya maji chini ya sehemu moja katika mia, hivyo hukauka upesi. Sweta la akriliki, ambalo wanafunzi wengi wanalo, hushika hewa vizuri, lakini limefumwa kwa matundu: bila kitu cha kuzuia upepo juu yake, ni sawa na wavu. Mpangilio ulio sahihi basi ni huu: ngozini, fulana nyepesi ya poliesta au sufu; katikati, sweta; nje, koti jembamba lililosokotwa kwa karibu. Mtu apande akiwa amevua koti, alivae kabla ya kuanza kuteremka.

Nguo hizi hazihitaji duka la mjini. Hupatikana katika marundo ya mitumba, na mnunuzi anaweza kufanya jaribio lake hapo hapo. Aliweke koti mdomoni na kupuliza: pumzi ikipenya kwa urahisi upande wa pili, upepo wa mteremko nao utapenya. Koti la mvua la plastiki tupu huzuia upepo kikamilifu, lakini huzuia na mvuke wa jasho pia. Lafaa kwa kushuka, halifai kwa kupanda.

Wako wanaofahamu fizikia hii bila kuisoma. Waendesha bodaboda wa Afrika Mashariki huonekana mara kwa mara wamevaa koti nyuma mbele. Wageni hucheka, lakini hakuna cha kuchekesha. Kifua, ambacho hupokea upepo, hupata kitambaa kizima kisicho na zipu wala nafasi kati ya vifungo. Mgongo, ambao hauna upepo mwingi, huachwa wazi upumue. Kadhalika katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France, ilikuwa desturi kwa waendeshaji kupokea magazeti vileleni na kuyasokomeza ndani ya fulana, kifuani, kabla ya kuteremka. Gazeti la jana humkinga mwanafunzi wa Dindira kama lilivyowakinga mabingwa wa milima ya Alps, na bei yake ni ile ile.

Pengine atatokea wa kusema kwamba haya ni mambo ya starehe, na kwamba wazee walizoea baridi. Wazee walizoea baridi ya kutembea, wakiwa wamejifunga blanketi au shuka nzito. Upepo wa baiskeli ni jambo jingine. Wala hoja hapa si kuwatisha wazazi kwa homa ya mapafu. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu, si na upepo wa kifuani peke yake, na si haki kuitetea sayansi kwa hofu isiyo ya kisayansi. Hatari iliyo wazi ipo mikononi. Mwili unapopoa hubana mishipa ya damu ya vidole ili kulinda moyo na ubongo. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, vidole hupoteza wepesi wake. Mkono huo ndio unaotakiwa kubana breki, kwenye rimu ambayo ikilowa ukungu hupoteza sehemu kubwa ya mkwaruzo, katika kona ambayo gari la chai laweza kuwa linapanda. Soksi kuukuu zilizokatwa ncha na kuvaliwa mikononi ni kifaa cha usalama kama breki zenyewe.

Kwa hiyo shule za miinuko, iwe Usambara, Njombe, Makete au Mbulu, hazina budi kuzitazama upya kanuni zao. Sare ina sababu njema: huficha tofauti kati ya mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa asiye nacho. Lakini sababu hiyo haivunjwi na koti la rangi moja iliyokubaliwa, linaloruhusiwa njiani na katika vipindi vya mwanzo vya asubuhi za kipupwe. Anayevuliwa koti langoni kwa jina la usawa hajafanywa sawa na wenzake. Ameongezewa baridi, na saa ya kwanza ya masomo yake imekwenda na kutetemeka.

Mwalimu naye anaweza kuanza bila kungoja kibali cha mtu. Achukue makopo manne yaliyo sawa, ayajaze maji ya moto ya kipimo kimoja, na kuyafunika. La kwanza alivike pamba kavu, la pili pamba iliyolowa, la tatu kipande cha sweta, la nne kipande cha sweta kilichozungushiwa gazeti. Ayaweke nje penye upepo, na wanafunzi wasome vipimajoto kila baada ya dakika 5 na kuchora grafu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai kwamba shule isitengwe na maisha ya watu wanaoizunguka. Grafu hiyo itatimiza dai hilo kwa njia nyepesi sana, kwa kuwa mwanafunzi aliyeichora ataondoka nayo mwilini siku inayofuata, atakapofika kileleni, kuvaa koti lake, na kushika breki kwa vidole vinavyomtii.