Risiti za Ukarabati Si Bei ya Nyumba

Anayekarabati nyumba ya kijijini nchini Ufaransa huwa na jalada la risiti: chokaa, mbao za paa, madirisha ya vioo viwili, mabomba, malipo ya fundi umeme. Siku ya kuuza ikifika, jalada hilo linakuwa ndiyo hesabu. Bei aliyonunulia inajumlishwa na gharama, juu yake inawekwa thamani ya likizo zote zilizoishia kwenye vumbi, na jumla hiyo ndiyo inayobandikwa dirishani kwa dalali. Nyumba inakaa mwaka mzima, pengine miwili, na mwenyewe analalamika kuwa soko limekufa. Mimi naona kosa liko kwenye ile hesabu. Ukiichunguza utakuta kwamba wanunuzi wanaikataa, na sheria za Ufaransa zenyewe haziiungi mkono.

Chukua wilaya ya Creuse, katikati ya nchi. Mwaka 1851 ilikuwa na watu wapatao 287,000. Leo hawafiki 120,000. Waashi wake walishiriki kuijenga Paris ya karne ya 19. Walikwenda kwa msimu wa kazi na kurudi na mshahara, kisha wengi wakaacha kurudi. Wamebakiza nyumba imara za mawe ya graniti, nyingi kuliko watu wa kuzikaa, na kiwango cha nyumba tupu huko ni miongoni mwa vya juu kabisa nchini humo. Mahali kama hapo mnunuzi hana haraka, maana nyumba hii ikimshinda bei, kilomita chache mbele ataiona nyingine. Thamani ya eneo inatokana na mambo ambayo fundi hawezi kuyagusa: kama shule ya msingi bado ina wanafunzi, daktari yuko umbali gani, treni inasimama au inapita tu, na kama intaneti inamtosha mtu kufanyia kazi nyumbani. Ukarabati mzuri unaifikisha nyumba kwenye bei ya juu ya eneo lake. Kuivusha hapo hauwezi, hata jiko lingekuwa la thamani gani. Na siku hizi kuficha bei ya eneo haiwezekani, kwa sababu tangu 2019 serikali imeuwekea umma wazi kumbukumbu za bei halisi za mauzo ya miaka mitano ya karibuni karibu nchi nzima. Mtu aliyeko Lyon anajua jirani yako aliuza kwa kiasi gani kabla hajapiga simu kuulizia. Kama ulinunua miaka mitatu iliyopita, anajua pia ulichotoa wewe.

Tazama sasa namna sheria inavyolipima jasho la mwenye nyumba. Makazi makuu yakiuzwa, faida haitozwi kodi. Nyumba ya mapumziko hutozwa 19% ya faida kama kodi ya mapato na 17.2% kama michango ya jamii, ingawa mzigo huo hupungua kadiri miaka ya umiliki inavyoongezeka, mpaka kodi ifutike baada ya miaka 22 na michango baada ya 30. Katika kukokotoa faida, muuzaji anaruhusiwa kuongeza gharama za ujenzi na maboresho, mradi kazi ilifanywa na kampuni na ankara ipo. Alichojenga kwa mikono yake hakihesabiwi, na rangi na matengenezo ya kawaida hayamo. Aliyemiliki nyumba kwa zaidi ya miaka mitano anaweza kuchagua kuongeza 15% ya bei ya ununuzi bila kuonyesha ankara yoyote, basi. Jumamosi zake zote za kubeba mawe, mbele ya ofisa wa kodi, ni sifuri.

Upande mwingine wa sheria ni mkali zaidi. Kifungu cha 1792-1 cha Sheria ya Kiraia kinamweka mtu anayeuza kazi aliyoijenga, au aliyojengewa, katika daraja moja na mjenzi. Maana yake ni dhamana ya miaka 10 tangu kazi kubwa ilipokamilika, kwa kasoro zinazodhoofisha jengo au kulifanya lisifae kukaliwa. Aliyeezua na kuezeka upya kwa mikono yake mwaka 2020, akauza 2025, ameondoka na deni la miaka mitano, maana paa likishindwa kuzuia mvua, mnunuzi anamgeukia yeye. Kwa hiyo mnunuzi makini akiambiwa kwamba kila kitu kimefanywa na mwenye nyumba, anasikia kwamba nyuma ya kazi hiyo hakuna kampuni wala bima. Muuzaji anayasema hayo kwa fahari, na pengine dalali anatamani angenyamaza.

Tena kuna ukarabati unaoharibu. Kuta za zamani za mawe, nyingi zikiwa na unene wa nusu mita na zaidi, zilijengwa kwa udongo na chokaa bila kizuizi cha unyevu chini yake. Maji hupanda kutoka ardhini na kukauka polepole kupitia viungo vya chokaa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Baada ya vipindi vichache vya baridi utaona mstari wa chumvi nyeupe karibu na sakafu na rangi inajikunja kama ganda la kitunguu. Ukigonga lipu kwa kidole inalia uwazi, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza bila mtu kujua. Risiti ya saruji ipo jaladani, halali kabisa. Mnunuzi anayejua nyumba za mawe ataisoma kama gharama ya kuja kuibandua.

Kinachoongeza thamani, basi, ni kile mnunuzi anachoweza kukihakiki. Ufaransa imelifanya hilo kuwa wajibu: muuzaji lazima atoe vipimo vya risasi kwenye rangi kwa nyumba za kabla ya 1949, asbesto kwa zilizopata kibali kabla ya Julai 1997, umeme na gesi kama mifumo imepita miaka 15, na mchwa katika maeneo yaliyotangazwa. Nyumba isiyounganishwa na bomba la umma la maji machafu, na nyingi za vijijini ziko hivyo, inahitaji ripoti ya tanki lake isiyozidi miaka mitatu. Mkaguzi anaweza kumwaga maji yenye rangi chooni na kwenda kuangalia yanakotokea. Yakitokea kwenye mtaro wa shamba la jirani, mnunuzi ana mwaka mmoja baada ya mauzo wa kurekebisha, na hakuna mnunuzi atakayesahau kuikata gharama hiyo kwenye bei. Halafu kuna cheti cha nishati, kutoka A hadi G, ambacho tangu Julai 2021 mnunuzi anaweza kukitumia mahakamani kikiwa na makosa. Nyumba ya daraja la F au G haiuzwi bila ukaguzi wa kina wa nishati tangu Aprili 2023, na ya E tangu Januari 2025. Kipimo chenyewe kina utata, nakubali: Januari 2026 serikali ilibadilisha namna ya kukokotoa umeme, na nyumba nyingi zikapanda daraja bila tofali kuguswa. Hata hivyo herufi hiyo ndiyo mnunuzi na benki yake wanayoitazama kwanza, na euro iliyotumika kuzuia joto lisipotelee darini inaonekana humo. Ile ya vigae vya bafuni haionekani.

Wapo watakaosema mnunuzi wa nyumba hizi ni mgeni tajiri asiyejali hesabu, hasa Mwingereza wa aina iliyokwenda Provence ikifuata nyayo za mwandishi Peter Mayle na kitabu chake cha 1989. Kwa Luberon, huko Provence, na sehemu za Dordogne hoja hiyo ina ukweli. Lakini tangu Januari 2021 Mwingereza asiye na viza haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na Mfaransa wa mjini aliyetamani bustani baada ya korona alikopa kwa riba ya karibu 1% mwaka 2021, ilhali mwishoni mwa 2023 riba ilizidi 4%. Kupanga bei kwa kumngoja tajiri mmoja ni kucheza bahati nasibu.

Hoja nzito ni hii: kama gharama hazirudi, nani atakarabati, na si nyumba zote zitaporomoka? Jibu langu ni kwamba punguzo linapaswa kutolewa mlangoni, siku gofu linaponunuliwa. Anayetaka faida aanze na bei ya juu ya eneo, atoe gharama za kazi, na kinachobaki ndicho alipie gofu. Aliyekarabati ili akae amekwisha kulipwa kwa miaka aliyokaa. Na kama umma unataka majengo ya kale yaokolewe, kuna njia yake: taasisi ya urithi ya Fondation du patrimoine, iliyoanzishwa mwaka 1996, hutoa nembo inayomwezesha mwenye nyumba kupunguziwa kodi kwa kazi za nje. Kumtwika mnunuzi mmoja gharama ya urithi wa taifa, juu ya zile 7 hadi 8% anazolipa kwa notaire, yaani ofisa wa sheria anayeidhinisha mauzo, sehemu kubwa ikiwa kodi, sioni haki yake.

Anayeng'ang'ania jumla ya risiti naye ahesabu gharama ya kungoja. Kodi ya ardhi na jengo inadaiwa kila mwaka, na kodi ya makazi, iliyofutwa kwa makazi makuu mwaka 2023, bado inatozwa kwenye nyumba ya mapumziko. Bima inaendelea. Januari lazima nyumba tupu ipashwe joto au maji yafungwe mabombani yasije yakapasuka. Na hata mnunuzi akipatikana, ana siku 10 za kujitoa baada ya mkataba wa awali na kurudishiwa kishika uchumba chake chote bila kutoa sababu, kisha hupita kama miezi mitatu kabla ya sahihi ya mwisho.