Kipimo cha Damu Hakitaji Mwenye Kosa



Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulinong'ona tu: malengelenge ya sehemu za siri, na karatasi ya majibu ya damu. Karatasi hiyo ikisomwa vibaya yaweza kumrudisha mke kwa wazazi wake Tengeru kabla jua halijatua, hali yenyewe haikusema neno lolote juu ya uaminifu wake.

Kwanza, fahamu kinachopimwa. Maabara haitafuti virusi vyenyewe katika damu. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewaunda kupambana navyo. Virusi hivyo ni vya aina mbili. Aina ya kwanza mara nyingi hupatikana utotoni na kuleta vidonda vya mdomo, ingawa yaweza pia kushika sehemu za siri. Aina ya pili huambukizwa hasa kwa kujamiiana. Basi uliza: ni aina gani iliyoonekana? Na kama kilichopimwa ni IgM, usikitegemee. Kipimo kinachofaa ni IgG cha kila aina.

Pili, muda. Askari hao hawaundwi kwa siku moja. Mfanyakazi wa Unga Limited aliyejiweka hatarini mwisho wa juma, akapimwa juma linalofuata, ataambiwa hana kitu. Jibu hilo halina uzito. Apimwe tena yatimiapo majuma 12. Lakini penye kidonda kibichi asingoje. Aende upesi kwa mganga, na penye vifaa majimaji ya kidonda yachunguzwe.

Tatu, namba. Katika vipimo vingi vya IgG, kuanzia 1.1 huhesabiwa kuwa virusi vipo. Hata hivyo, kwa aina ya pili, namba iliyo kati ya 1.1 na 3.0 mara nyingi hudanganya. Irudiwe kwa kipimo cha namna nyingine kabla ya kuamini.

Na jibu likithibitika? Virusi hukaa mwilini maisha yote, na wengi walio navyo hawajui. Karatasi haionyeshi vilipatikana lini wala kwa nani. Huenda ni miaka mingi kabla ya ndoa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu milioni 846 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na ugonjwa huu, zaidi ya mmoja kati ya watano.

Dawa hupunguza vidonda, haiondoi virusi. Tena aina ya pili huongeza hatari ya kupata Virusi vya UKIMWI, na utafiti wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania uliotangazwa mwaka 2008, kwa wanawake 821, ulionyesha kuwa dawa ya asaikloviri haikuiondoa hatari hiyo. Kwa hiyo pimeni UKIMWI pia, tumieni kondomu, na epukeni kujamiiana wakati wa vidonda. Mama mjamzito amweleze mkunga mapema, kwani maambukizo mapya karibu na kujifungua ni hatari kubwa kwa mtoto.

Nendeni wawili, mkasomewe majibu pamoja. Maswali yaulizwe mbele ya mganga, si mbele ya majirani.