Kausani, Kijiji Kitazamacho Theluji

Msafiri aendaye Kausani huteremka garimoshi mjini Kathgodam, mahali reli ikomapo chini ya milima ya Himalaya, kisha hupanda basi. Barabara hupinda na kupinda kwa zaidi ya kilomita 100 katika misitu ya misonobari, na mwenye kuchafukwa moyo upesi heri asile sana asubuhi hiyo. Kijiji chenyewe kimekaa juu ya mgongo wa kilima, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India.

Wageni huamka kabla ya mapambazuko. Hukaa barazani wamejifunika mablanketi, vikombe vya chai mikononi, nyuso zimeelekea kaskazini. Jua hugusa vilele kwanza, na theluji hugeuka nyekundu: kuna Trishul, uitwao kwa jina la mkuki wa ncha tatu wa mungu Shiva, na kuna Nanda Devi, wenye mita 7,816, unaoupita Kilimanjaro kwa mita zipatazo 1,900. Chai ikiisha, wekundu nao umekwisha. Miezi ya Oktoba na Novemba ndiyo mizuri. Julai na Agosti mgeni huweza kukaa juma zima asione ila mawingu. Mahatma Gandhi alifika mwaka 1929 kupumzika siku chache, akakaa kama majuma mawili.

Bondeni, mwendo usiofika kilomita 20, yapo mahekalu ya mawe ya Baijnath, waliyoyajenga wafalme wa Katyuri kando ya mto Gomati karne nyingi zilizopita. Ndani husimama sanamu ya Parvati, mke wa Shiva, iliyochongwa katika jiwe jeusi. Samaki wa hapo hawavuliwi. Huja ukingoni kulishwa na watoto.

Wageni husifu zaidi kimya cha mahali hapo. Kimya hicho kina sababu. Wanaume wa milima ya Kumaon, tangu vizazi vingi, huandikwa jeshini. Kikosi kinachoitwa kwa jina la nchi yao kina makao makuu Ranikhet, katika milima hiyo hiyo. Wengine wamekwenda Delhi kutafuta kazi. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta katika jimbo hilo vijiji zaidi ya 1,000 visivyo na mkazi hata mmoja.

Waliobaki wengi ni wanawake. Hao hupanda na kushuka na mizigo ya majani ya ng'ombe na kuni, hulima matuta membamba ya mlimani, na jioni huoka mikate ya ulezi, nafaka ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mke wa askari aliyeachiwa shamba, watoto na wakwe, akingoja fedha na barua, hangehitaji mkalimani jikoni mwao.

Na mlima ule mkubwa wageni waupigao picha, wanawake wa huko huuona kwa jicho jingine. Nanda kwao ni binti yao, aliyeozwa mbali kwenye theluji kwa Shiva. Siku za sherehe zake humwimbia nyimbo za kumsindikiza arudipo kwa mumewe, na wengi hulia wakiimba, maana kila mmoja wao aliondoka vivyo hivyo mlangoni kwa mama yake.