Ndama au Hema: Kipaji Chako Kinajenga Nini?



Fikiria umeletewa kidonge chenye bakteria waliobadilishwa vinasaba maabarani. Ukikimeza, wanakaa tumboni mwako, na baada ya muda unaanza kupata mawazo mapya: nyimbo, mitindo ya nguo, mbinu za biashara. Ungekimeza? Wapo wanaotamani sayansi ifike hapo, na vijana wetu wananiuliza kama ni dhambi.

Kwanza, tusiite uchawi kila jambo tusilolielewa. Mungu aliyeumba ubongo ndiye aliyeumba tumbo. Wanasayansi wanakadiria kwamba mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, wengi wao wakiwa kwenye utumbo mpana. Kuna neva ndefu iitwayo vagasi inayopeleka habari kutoka tumboni hadi kichwani. Ukinywa mursik au maziwa lala, unakaribisha viumbe hao hao. Nyanya zetu waliwalea kwenye kibuyu bila kujua majina yao.

Pia tusidanganywe. Mwaka 2011, watafiti wa Ayalandi na Kanada walitangaza kwamba panya waliolishwa aina moja ya bakteria walipungukiwa na wasiwasi. Neva ya vagasi ilipokatwa, faida hiyo ikatoweka. Watu wakafurahi. Lakini bakteria hao walipojaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba hawakuwazidi waliopewa kidonge kisicho na kitu ndani. Na huo ulikuwa utulivu wa moyo tu, bado hatujafika kwenye ubunifu!

Mzazi, nakusikia. Mtaala wa CBC unataka mtoto awe mbunifu, nawe unaogopa wako ataachwa nyuma. Ukiona mtandaoni kidonge cha "kufungua akili", weka pesa yako. Mnunulie rangi na karatasi, kisha ukae naye.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, si Danieli alikula mboga akapata akili?" Soma tena Danieli 1, polepole. Baada ya siku 10 za mboga na maji, kilichoonekana ni nyuso nzuri na miili yenye afya. Maarifa yanatajwa mbele kidogo, na aliyeyatoa ni Mungu. Chakula kilifanya kazi ya chakula.

Sasa twende kwenye moyo wa jambo. Katika Kutoka 31, Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho wake, apate ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Huyu alitoka katika taifa lililokuwa likifinyanga matofali ya Farao. Hatusomi alikula nini. Tunasoma ni nani aliyemjaza, na kwa kazi gani: Hema ya kukutania.

Geuza ukurasa mmoja tu. Katika Kutoka 32, Haruni anakusanya pete za masikio za watu, anashika chombo cha kuchongea, na ndama anatokea. Huo nao ulikuwa ubunifu! Baadaye, katika Kutoka 35, watu wanaleta tena pete zao, safari hii kwa ajili ya Hema. Dhahabu ni ile ile na mikono ni ya binadamu wale wale. Moja ikawa ibada, nyingine ikawa aibu ya taifa zima.

Ndiyo maana nasema hivi: hata kama siku moja bakteria ataweza kuongeza mawazo, hataweza kukuambia kama unachonga ndama au unajenga Hema. Anayetunga matusi ana ubunifu. Anayebuni njia mpya ya kuwaibia wazee kwa simu ana ubunifu mwingi sana. Hao hawahitaji kuongezewa mawazo, wanahitaji toba.

Je, sayansi hii ni adui? La. Marekani, bakteria waliobadilishwa vinasaba wamejaribiwa kwa wagonjwa ambao miili yao haiwezi kuvunja sehemu moja ya protini. Kumtafutia mgonjwa nafuu ni rehema, tuwaombee watafiti hao. Lakini wewe mzima unayetamani kumeza kipaji, jiulize kwanza umefanyia nini kile ulicho nacho.

Dada, cherehani yako inamtumikia nani? Fundi wa jua kali, unamfundisha nani? Bezaleli na Oholiabu waliwekewa moyoni pia kuwafundisha wengine. Kipaji kinachofichwa hakikui, hata kikimwagiliwa bakteria wa dunia nzima.

Wiki hii, kabla ya kuomba wazo jipya, mpelekee Bwana lile la zamani uliloliacha. Mwambie, "Roho Mtakatifu, nijaze, kisha unionyeshe ninachojenga."

Kama umepokea, sema Amina. Ubarikiwe.