Kujaribu Si Kuthibitisha

Mwanafunzi aliyepima pembetatu ishirini, akapata nyuzi 180 kila mara, bado hajathibitisha lolote kuhusu pembetatu ya ishirini na moja. Kila mwalimu wa hisabati aijua kanuni hiyo. Yasikitisha kwamba wengi wetu huiacha darasani, ilhali usalama wa kompyuta waitegemea.

Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walitunga utaratibu wa kuwawezesha watu wawili, tuseme Asha na Juma, kutambuana kwa njia ya kompyuta. Kila mmoja humpelekea mwenziwe namba ya siri katika fumbo ambalo mpokeaji peke yake aweza kulifumbua; airudishaye namba hiyo ndiye mwenyewe. Kiini chake ni barua tatu tu, na kwa miaka mingi wataalamu waliuamini.

Mwaka 1995 Gavin Lowe alionyesha kasoro yake. Asha akianza mazungumzo na tapeli, tapeli huyo aweza kumwendea Juma kwa jina la Asha. Jibu la Juma, ambalo tapeli hawezi kulifumbua, humpitishia Asha. Naye, akidhani limetoka kwa tapeli, hulifumbua na kumkabidhi tapeli namba ya siri ya Juma. Dawa ilikuwa ndogo: Juma atie jina lake ndani ya jibu. Mwaka 1996 Lowe alitumia programu kupitia hali zote ziwezazo kutokea katika mfumo mdogo, kisha akathibitisha kwa hoja kwamba hilo latosha kwa mfumo wa ukubwa wowote.

Wako watakaosema kwamba uthibitisho nao huweza kupotosha. Ni kweli kwamba hauna nguvu kuliko dhana zake. Wachunguzi wa awali walichukulia kuwa kila mshiriki ni mwaminifu. Tapeli wa Lowe ni mshiriki halali. Basi na tujifunze kuandika wazi tuliyopewa kabla ya tunayotakiwa kuthibitisha.

Leo mkulima hupokea malipo ya mazao yake kwa simu, akitegemea kufuli asiloliona. Watakaotengeneza kufuli hizo wamo madarasani mwetu. Mwalimu anayewakaririsha uthibitisho kwa ajili ya mtihani tu awanyima chombo chenyewe. Heri awaulize kila siku: wajuaje kwamba ni kweli daima?