Vita vya Intaneti ya Nyumbani: Kilelengwani Tunapata Nini?

Leo tuzungumzie vita vya intaneti ya nyumbani, maana vimenoga kweli kweli.

Safaricom iliingia biashara ya faiba ya nyumbani mwaka 2017, ikawakuta Zuku na Faiba ya Jamii Telecom wako uwanjani tayari. Julai 2023 ikaja Starlink ya setilaiti. Mwaka 2024 yakatokea mambo mawili. Julai, Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni peke yao, bali zishirikiane na kampuni zilizoko nchini. Septemba ikaongeza kasi ya faiba bila kugusa bei: kifurushi cha shilingi 2,999 kikatoka Mbps 10 hadi 15. Mwaona? Barua haikumpa mteja hata biti moja. Ushindani ulimpa.

Lakini alipewa mteja yupi? Sisi waandishi wa programu tunapenda hesabu, basi tuipige. Faiba hulipwa na idadi ya milango. Vuta waya mita mia moja mtaa wa Pipeline, Nairobi, na umepita ghorofa juu ya ghorofa za wapangaji. Vuta waya kutoka Garsen hadi hapa Kilelengwani, utapita malisho, mashamba na tope la Tana. Mto ukifurika, kama ulivyofanya 2023 na 2024, hata barabara haipitiki. Mhasibu gani atatia saini?

Setilaiti ni kinyume chake. Uwezo wake hugawanywa kwa eneo, na watu wakisongamana unakwisha. Ndiyo maana Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, ikarudi Juni 2025. Watu wachache katika eneo kubwa ni hasara kwa faiba, lakini kwa setilaiti ni nafasi. Kwa hiyo kuibana setilaiti kungemuumiza mtu wa Tana River kabla ya mtu wa Kilimani, ambaye ana nyaya tatu za kuchagua.

Kikwazo chetu ni bei. Dishi kwa nyumba moja ni ghali, lakini kwa kijiji si ghali hivyo. Dishi moja zahanati au shuleni, kifurushi kinachoruhusu kugawana, sola, Wi-Fi, kisha kila nyumba ichange kidogo. Sheria ipo: mwaka 2021 Mamlaka ilitoa utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii. Fedha nazo zipo, katika Mfuko wa Huduma kwa Wote ambao kampuni za mawasiliano huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao.

Maoni yangu ni haya: Mamlaka isimlinde mkubwa dhidi ya mgeni. Iwaache wapigane mjini, na huku kusiko na faida ya waya mfuko ulipie dishi la kwanza. La sivyo kampuni zitaendelea kukua, nasi tutaendelea kusoma habari za ukuaji huo kwa bando la shilingi 20.

Mnasemaje?